Kijana wangu ni hodari wa x, mbona hesabu za maneno zinamshinda?

"Mwalimu, nina duka la nafaka hapa Luanda, Kaunti ya Vihiga, na kijana wangu yuko gredi ya tisa. Ukimpa 3x + 7 = 22 anaimaliza kabla sijafunga mfuko wa mchele. Ukimpa hesabu yenye maneno, hata iwe rahisi, anakaa akiitazama, kisha anaanza kuzidisha na kujumlisha chochote anachokiona. Mwalimu wa tuisheni alimpa orodha ya maneno akariri: 'zaidi' ni kujumlisha, 'pungufu' ni kutoa, 'mara' ni kuzidisha, 'gawana' ni kugawanya. Ameikariri yote na bado anaanguka. Juzi aliulizwa: baba ana miaka 38 na mwanawe 14, baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara mbili ya umri wa mwanawe? Akaandika 38 × 2 + 14. Kinachonishangaza ni kwamba dukani ananisaidia vizuri na hakosei chenji. Je, ni uvivu, ni Kiingereza, au kichwa chake hakikuumbiwa hesabu? Na mimi niliyeishia darasa la nane nitamsaidiaje?"

Mama, tuanze na hilo la chenji, maana ndilo linalojibu swali lako la kichwa. Mtoto anayeweza kusimama nyuma ya kaunta, akapokea noti ya elfu moja kwa gorogoro (kopo la kupimia nafaka) tatu za mahindi na moja ya maharagwe, akarudisha chenji sahihi huku mteja mwingine anauliza bei ya ndengu, huyo kichwa chake hakina kasoro yoyote ya hesabu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha walichokiona katika mji wa Recife, Brazil. Waliwaendea watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa sokoni na mitaani, wakanunua kama wateja na kuwauliza jumla na chenji. Watoto walipata asilimia 98 ya maswali hayo. Baadaye wakawapa hesabu za namna hiyo hiyo kwa karatasi na kalamu. Zilipokuwa ndani ya kisa, watoto walipata asilimia 74. Zilipokuwa namba tupu bila kisa, wakashuka hadi asilimia 37.

Ona hapo kwamba kwa watoto wale maneno yalisaidia. Kisa kiliwapa kitu cha kushika. Kwa hiyo tusikubali haraka kwamba hesabu za maneno ni ngumu kwa asili yake na zile za x ni nyepesi. Kijana wako amefika mahali ambapo maneno hayampi picha tena, na inafaa tujue amefikishwaje hapo.

Uvivu nao tuuweke kando. Mvivu hakariri orodha nzima ya maneno. Kiingereza nitakirudia, kwa sababu kina sehemu yake.

Orodha ile ndiyo inayonisumbua zaidi. Najua mwalimu aliitoa kwa nia njema, na kwa maswali ya gredi ya pili au ya tatu huwa inafanya kazi, ndiyo sababu haifi. Lakini mpe kijana hii: Juma ana shilingi 85. Juma ana shilingi 20 zaidi ya Atieno. Atieno ana pesa ngapi? Orodha inasema "zaidi" ni kujumlisha, kwa hiyo Atieno ana 105, yaani aliyezidiwa ndiye mwenye pesa nyingi. Wewe dukani usingekosea hata ukiwa na usingizi, maana ungeona kwanza nani ana nyingi na nani ana kidogo. Orodha inamrusha mtu hatua hiyo. Inamwambia: usione, tafuta neno, chukua alama, endelea.

Sasa itazame ile 38 × 2 + 14 kwa jicho hilo. Aliona "mara mbili", akazidisha 38 kwa 2. Ikabaki 14 haijatumika, na "baada ya" inanukia kuongezeka, akajumlisha. Kila namba imepata kazi na kila neno limepata alama, jibu ni 90. Lakini 90 ni nini? Kama ni miaka ya kusubiri, baba atakuwa na miaka 128 na mwanawe 104. Hakuna aliyemwambia aulize hivyo, kwa hiyo hakuuliza.

Na hayuko peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Grenoble, Ufaransa, watoto wa shule ya msingi waliulizwa: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Wengi walijibu kwa namba bila wasiwasi. Wamezoea kwamba shuleni swali lina namba, na kazi yako ni kuzifanyia kitu.

Mlinganyo basi ni nini, na hutoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo shina la jambo lenyewe. Watu wengi hudhani mlinganyo ni sentensi iliyogeuzwa neno kwa neno kuwa alama, kutoka kushoto kwenda kulia. Sivyo. Mlinganyo ni kiasi kimoja kilichosemwa kwa njia mbili. Unatafuta ndani ya kisa kitu kimoja (pesa, umbali, umri, idadi) ambacho unaweza kukieleza mara mbili: kauli moja unaiandika kushoto kwa alama ya usawa, nyingine kulia. Ukishakipata hicho kitu, mlinganyo umekwisha kujiandika. Usipokipata, hata ukijua kutatua x za dunia nzima, huna cha kutatua.

Vitabu vingi huchora mizani, mawe upande huu na x upande ule. Mizani ni nzuri kwa kueleza kwa nini unatoa 7 pande zote mbili. Haimwambii mtoto aweke nini juu ya sahani, na hapo ndipo kijana wako amekwama.

Tutumie duka lako. Mchana mmoja umeuza gorogoro 30, nyingine za mahindi kwa shilingi 100, nyingine za maharagwe kwa shilingi 250. Ukihesabu sanduku unakuta shilingi 4,500. Uliuza gorogoro ngapi za maharagwe? (Bei ni za mfano. Najua za leo huenda ziko juu.)

Nadhani wewe ungefanya hivi kichwani: kama zote 30 zingekuwa mahindi, ningekuwa na 3,000. Nina 4,500, kwa hiyo kuna 1,500 ya ziada. Kila gorogoro ya maharagwe inaleta 150 juu ya bei ya mahindi. 1,500 kwa 150 ni 10. Maharagwe gorogoro 10, mahindi 20. Hiyo ni hesabu safi kabisa, na usikubali mtu akuambie si ya shule. Tatizo lake ni moja tu: kila kisa kinadai ujanja wake. Kisa kikiwa na bei tatu, au punguzo, ujanja unakuwa mrefu na mtu anapotea njiani. Mlinganyo unakuokoa na ujanja. Unaandika kisa kama kilivyo, bila kujua jibu, halafu kanuni zile zile za siku zote zinakupeleka mwisho.

Njia ninayowafundisha wanafunzi waliokwama ni kukisia. Ndiyo, kukisia, na huwa wanadhani nawatania. Mwambie ataje idadi yoyote ya gorogoro za maharagwe. Tuseme amesema 12. Mwambie: vizuri, sasa tuone kama ni kweli. Tungejuaje? Atasema, kama maharagwe ni 12, mahindi ni 18. Pesa za maharagwe ni 3,000, za mahindi 1,800, jumla 4,800. Sanduku lina 4,500, kwa hiyo kisio si sahihi. Si kitu. Hatukuwa tunatafuta jibu, tulikuwa tunatafuta njia ya kulikagua.

Sasa mwambie aandike ukaguzi ule ule tena, lakini safari hii haruhusiwi kumalizia hesabu. Asiandike 18, aandike 30 − 12. Asiandike 3,000, aandike 250 × 12. Karatasi itaonekana hivi:

250 × 12 + 100 × (30 − 12), na tungetaka iwe 4,500.

Hapo ndipo siri ilipo, na ni rahisi kuipita bila kuiona. Akiandika 18, ile 12 imemezwa, na uhusiano wa mahindi na maharagwe umepotea machoni. Akiandika 30 − 12, kila mahali kisio lilipogusa kunaonekana. Mwambie azungushie duara kila 12. Ziko mbili. Kisha azifute na kuweka herufi moja, tuseme n:

250n + 100(30 − n) = 4,500.

Huo ndio mlinganyo. Kushoto ni pesa zilizojengwa kutoka kwa mauzo, kulia ni pesa zilizohesabiwa sandukuni. Pesa zile zile, kauli mbili. Kuanzia hapo kijana wako hahitaji msaada wako: 250n + 3,000 − 100n = 4,500, 150n = 1,500, n = 10. Muulize kama anaziona zile 3,000, 1,500 na 150 za kichwani mwako. Zimejitokeza zenyewe, bila ujanja.

Mabano nayo yamekuja bila kuitwa. Mtoto anayegeuza neno kwa neno husahau mabano mara kwa mara, kwa sababu katika sentensi hayasikiki. Anayekagua kisio hasahau, maana anajua gorogoro zote za mahindi, zile 30 kasoro 12, zinauzwa kwa mia moja.

Turudi kwa baba na mwana. Akisie miaka 5. Baada ya miaka 5 baba ana 38 + 5, mwana ana 14 + 5. Swali linataka wa baba uwe mara mbili ya wa mwana, kwa hiyo tunakagua kama 38 + 5 ni sawa na 2 × (14 + 5). Upande mmoja 43, mwingine 38. Bado. Weka n mahali pa 5: 38 + n = 2(14 + n). Inatoa n = 10, baba 48, mwana 24. Kitu kilichosemwa mara mbili hapa ni umri wa baba siku ile: mara ya kwanza kwa kuhesabu miaka yake, mara ya pili kupitia kwa mwanawe. Katika hesabu za umri wanafunzi wengi humwongezea miaka mtu mmoja na kumwacha mwingine pale pale, kana kwamba mwana amekataa kukua. Kisio hufichua kosa hilo mara moja, kwa sababu hakuna mtoto asiyejua kwamba wote wawili wanazeeka.

Kuna kosa jingine ambalo bado hujaliona kwake, ila litakuja, na huwapata hata wakubwa. Mwambie: kwenye boma kuna kuku na bata, kuku ni mara nne ya bata. Andika mlinganyo. Kuna uwezekano mkubwa ataandika 4k = b. Inasikika vizuri, kuku wanne kwa bata mmoja. Lakini weka namba: bata 5, kuku 20. Je, 4 × 20 ni 5? Iliyo sahihi ni k = 4b. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 John Clement na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, waliwapa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza swali la aina hii, la wanafunzi na maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosa, na wengi wa waliokosa waligeuza hivyo hivyo.

Sababu ni kwamba mtu ameisoma k kama kifupi cha neno "kuku". Katika aljebra k haiwezi kuwa kuku. Ni namba: idadi ya kuku. Bata ndio wachache, kwa hiyo idadi yao ndiyo inayopaswa kuzidishwa ili iwafikie kuku. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kuandika mlinganyo wowote, mstari wa kwanza kwenye karatasi uwe sentensi kamili: "n ni idadi ya gorogoro za maharagwe zilizouzwa." Asiandike "n = maharagwe". Maharagwe ni maharagwe, yana idadi, bei na uzito, na herufi moja haiwezi kuwa yote matatu. Hapa huwa mkali na sijutii.

Kwa hilo hilo, azoee kuuliza kila upande wa alama ya usawa una kitu gani. Katika gredi ya nane walifunzwa milinganyo yenye herufi mbili, na hesabu ya duka lako inaweza kuandikwa hivyo: n + m = 30, na 250n + 100m = 4,500. Wa kwanza ni gorogoro pande zote mbili, wa pili ni shilingi pande zote mbili. Nimewaona wengi wakiandika n + m = 4,500, gorogoro huku na shilingi kule. Mwenye duka hawezi kukubali hilo. Muulize tu, "Tangu lini gorogoro ikalingana na shilingi?" na atajirekebisha mwenyewe.

Hesabu za mwendo nitazipitia haraka, maana zikieleweka mbili zimeeleweka zote. Tuseme kutoka Kisumu hadi Nakuru ni kilomita 180. Matatu inatoka Kisumu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, lori linatoka Nakuru wakati huo huo kwa kilomita 30 kwa saa, vinaelekeana. Vitakutana baada ya saa ngapi? Kitu kinachosemwa mara mbili ni barabara yenyewe: kipande cha matatu na kipande cha lori pamoja ndiyo barabara nzima, 60t + 30t = 180, saa mbili. Lakini kama lori limetangulia kutoka Kisumu kwa saa moja na matatu inalifuata hadi kulifikia, kilichosemwa mara mbili ni umbali kutoka Kisumu hadi hapo zilipofikiana, na sasa ni 60t = 30(t + 1). Magari ni yale yale na mwendo ni ule ule, ila mlinganyo ni mwingine kabisa. Orodha ya maneno haioni tofauti hiyo. Mchoro wa mstari mmoja na mishale miwili unaionyesha mara moja, kwa hiyo hapa achore kwanza.

Sasa Kiingereza. Mitihani yao ya hesabu iko kwa Kiingereza, pamoja na ule wa KJSEA wa mwisho wa gredi ya tisa uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, na sitakudanganya kwamba hilo halina uzito. Kuna jaribio dogo unaloweza kufanya nyumbani bila gharama. Chukua hesabu moja aliyoikosa. Mwombe aisome, afunge kitabu, kisha akusimulie kisa chenyewe kwa Kinyore au Kiswahili, bila kutaja namba hata moja: nani yuko hapo, nini kinabadilika, nini kinabaki vile vile, tunaulizwa nini. Akishindwa kusimulia, kusoma ndiko kunakomwangusha, na dawa ni kusoma zaidi, hata magazeti, pamoja na maneno kama "angalau" na "kila mmoja" kwa Kiingereza chake. Akisimulia vizuri halafu bado asijue aandike nini, lugha haina hatia, na njia ya kukisia ndiyo itakayomfaa. Kwa wengi ni kidogo cha yote mawili.

Asione haya kuandika mlinganyo kwanza kwa sentensi nzima ya Kiswahili: "Pesa za maharagwe ukijumlisha na pesa za mahindi ni sawa na 4,500." Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye aljebra inamhesabu miongoni mwa waasisi wake, aliandika hivyo hivyo, kwa maneno tu. Alama ya usawa tunayotumia leo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1557 na Robert Recorde wa Wales. Watu walitatua milinganyo kwa karne nyingi bila hiyo alama.

Kuhusu mazoezi na tuisheni, nitakwambia ninavyoona. Tuisheni ya kurundika hesabu 40 kwa jioni moja haitamsaidia, itamfundisha kukosea haraka. Hesabu tatu kwa jioni, kila moja ikiwa na sentensi ya herufi, kisio moja, ukaguzi na mlinganyo, zinatosha. Ukiendelea na mwalimu yule yule wa tuisheni, mwombe kwa heshima aiache ile orodha na amwulize kijana "unaona nini?" kabla ya "ufanye nini?". Programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa jibu zitamfaa kukagua alichomaliza. Akizitumia kabla ya kuandika mlinganyo wake mwenyewe, amejinyima kile tu alichokuwa anahitaji kufanyia mazoezi.

Kukisia nako kuna mipaka yake. Ni polepole, na kwenye mtihani si kila swali lina nafasi ya kukisia kwa maandishi. Baada ya majuma kadhaa utaona anaanza kuruka kisio na kuandika n moja kwa moja. Usimzuie. Akikwama, arudi kwenye kisio. Pia mwambie asiache swali tupu hata akiona jibu halitatoka. Kwenye mitihani inayodai aonyeshe kazi yake, wasahihishaji hutoa alama za njia na alama za jibu kando, kwa hiyo mlinganyo sahihi wenye kosa la kujumlisha mwishoni bado una chake.

Kuhusu kuishia darasa la nane, kazi ninayokupa haihitaji aljebra. Kazi yako ni kuuliza maswali matatu na kunyamaza: hiyo herufi ni idadi ya nini? Ungejuaje kama kisio lako ni kweli? Na jibu lako, ukilirudisha kwenye kisa, linaingia akilini? Hilo la mwisho wewe ndiye mwalimu kuliko mimi. Mtu akikwambia ameuza gorogoro 10.6 za maharagwe kwa mauzo ya gorogoro nzima nzima, au baba ana miaka 128, utacheka kabla ya kuhesabu. Kijana naye azoee kucheka hivyo.

Mpe kama nusu muhula. Lakini usisubiri kiasi hicho kama ukiona haya: anasoma kwa shida hata hadithi ya Kiswahili, anaruka mistari au anakaribiza kitabu puani, anabadilisha 36 kuwa 63 mara kwa mara, au anatokwa jasho na kuumwa tumbo kila siku ya somo la hesabu. Macho yapimwe kwanza, maana ni rahisi na mara nyingi husahaulika. Kwa hayo mengine nenda shuleni ukaonane na mwalimu wa hesabu ana kwa ana, na ombi la tathmini katika kituo cha EARC, yaani kituo cha kupima mahitaji ya mtoto ya kujifunza, linaweza kupitia kwa mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Unapokwenda usibebe ripoti ya alama peke yake. Beba daftari lenyewe, lenye hesabu alizokosa, bila kufutwa. Mwalimu akiona 38 × 2 + 14 kwa mwandiko wa mtoto, ataelewa mengi kuliko akiona asilimia 41.